Klima Inayokufa Baada ya Lusangi

Jumatatu, 5 Mei

Jua kali. Betri mbili za pikipiki, altaneta ya lori la mihogo, halafu gari la zone ya afya. Mara ya tatu sasa. Klima ileile, kipoza-hewa chake.

Hapa Kasongo inapuliza baridi mpaka vioo vinatoa jasho. Ikienda Kabambare inakufa baada ya Lusangi. Ikirudi Kasongo inafufuka. Fundi mwenzangu wa sokoni anasema gari limerogwa. Nimemwambia umeme hauna mizimu, una waya. Kuna waya mahali unaonidanganya, na mimi sijazoea kudanganywa nikakaa kimya.

Daktari mkuu wa zone alikuja mwenyewe na gari. Masanduku yao ya chanjo ni ya zamani, vifuniko vimepasuka, vimefungwa kwa mipira ya tairi. Ndiyo sababu aliamuru klima iwashwe njia nzima. Safari iliyopita barafu ilikuwa maji matupu kabla ya kufika Kabambare. Pikipiki zilipoyafikisha masanduku Wamaza, alama ya joto kwenye chupa ilikuwa imeshabadilika rangi. Chanjo zikatupwa. Akina mama waliotembea tangu alfajiri na watoto mgongoni wakarudi mashambani vivyo hivyo.

Anataka ripoti ya maandishi Ijumaa ya wiki ijayo. Ofisini kwake wapo wanaosema dereva, Amisi, anazima klima makusudi ili gari lile mafuta kidogo, kisha auze yaliyobaki. Nikikuta kosa la umeme, Amisi amepona. Nisipolikuta, anarudisha ufunguo. Ameendesha gari hilo miaka kumi na minne.

Amisi alisimama kando ya mlango wa gari, karibu na ile picha iliyobandikwa ya familia imelala ndani ya chandarua. Simwelewi mtu asiyejitetea. Mimi hujitetea hata kabla ya kushtakiwa.

Jumanne, 6 Mei

Siku nzima chini ya boneti.

Fyuzi nzima. Rilei ya kompresa: niliitoa nikaweka ya honi, klima ikawaka. Niliirudisha yake, ikawaka. Kwa hiyo si rilei. Koili ya kompresa niliipima ikiwa baridi, nikaipima tena baada ya mashine kuunguruma saa nzima. Namba karibu ileile. Nilitingisha kila kifundo cha waya kama mtu anayetafuta jino bovu. Hakuna kilicholegea.

Swichi ya presha, ile inayokata kompresa gesi ikizidi nguvu, inapitisha umeme vizuri.

Mashine inayougua mbele ya dereva na kupona mbele ya fundi. Nachukia.

Mke wangu, Mama Zaina, ameniuliza kwa nini nimegonga sahani mezani. Sikujua kama nimegonga.

Jumatano, 7 Mei

Nimepata.

Waya wa masi, ule unaorudisha umeme kwenye mwili wa gari, nyuma ya feni ya klima. Kutu chini ya bolti. Nilipopima kati ya waya na bodi feni ikiwa mwendo wa mwisho, umeme ulikuwa unapotea pale. Gari likitulia, unapita. Likitikiswa na mashimo, unakatika. Barabara ya Kabambare ni mashimo yaliyounganishwa na vipande vya barabara. Kila kitu kinaelezeka.

Nimekwangua, nimefunga bolti mpya, nimepaka grisi. Nimemwambia Amisi ameokoka. Akasema asante, Yaya, yaani kaka mkubwa. Macho yake hayakusema asante. Yalisema ngoja tuone.

Hilo limeniudhi zaidi ya kutu.

Ijumaa, 9 Mei

Gari limekwenda Kabambare. Sala ya Ijumaa, kisha altaneta ya lori la mihogo tena. Mwenye lori ni mbishi. Mimi mbishi zaidi.

Jumapili, 11 Mei

Robo saa yangu ya kila Jumapili redioni. Nimeongea juu ya barabara, juu ya maofisa wanaomtuhumu mtu wa chini kabla ya kupima, na juu ya bolti moja yenye kutu. Nilisema wazi: kosa nimelipata, nimelitengeneza, waliomwita dereva mwizi waje waombe radhi hadharani. Nilitumia neno hadharani mara tatu. Nimesoma vitabu vingi vya watu wenye hasira na najua neno lirudiwe mara ngapi.

Msikilizaji mmoja aliandika kuuliza kwa nini siku hizi siongei juu ya vyandarua. Mwezi wa tatu niliviongelea Jumapili nne mfululizo. Wavuvi wa Nyangwe waliogeuza vyandarua kuwa nyavu hawanisalimii mpaka leo. Najivunia hilo.

Jumatatu, 12 Mei

Gari limerudi. Klima ilikufa baada ya Lusangi. Palepale. Barafu ilifika Kabambare nusu maji. Safari hii chanjo zimeokolewa kwa bahati, kulikuwa na mawingu.

Nilipitia sokoni. Muuza sombe, yale majani ya mihogo, mwanamke ambaye sijawahi kumshinda kwa maneno, akaniita mbele ya watu wote: "Fundi, nipimie kilo moja ya ile baridi ya redio." Wakacheka mpaka upande wa wauza samaki. Nimelifikiria jibu hadi sasa na bado sina.

Aibu. Aibu tupu.

Daktari hakucheka. Alisema tu kwamba Ijumaa haijahama.

Jumanne, 13 Mei

Nimepima tena kila kitu. Klima inapuliza kama pepo za milimani. Hata rejeta nimeiangalia kwa taa. Ni safi, kila tundu wazi. Mafuta nayo niliyapigia hesabu kwa kilomita. Hayapungui. Lakini wanaomtuhumu watasema ndivyo mwizi mwerevu anavyofanya.

Kesho nasafiri nalo. Nimevuta waya kutoka kwenye kompresa hadi kwenye dashibodi, nikafunga taa ndogo ya kijani. Kompresa ikipata umeme, taa inawaka. Ikikatwa, inazimika. Nitakaa mbele ya taa hiyo njia nzima kama mtu anayechunga sufuria ya maziwa.

Nilipomwambia Amisi nakwenda naye, akauliza kama ni lazima.

Kwa nini aulize?

Jumatano, 14 Mei. Kabambare

Tumefika saa kumi jioni. Taa haikuzimika hata mara moja. Lusangi tukaipita, kijani. Milima, kijani. Madaraja ya magogo, kijani. Barafu ngumu kama mawe. Masanduku yamepakiwa kwenye pikipiki yakaendelea Wamaza.

Sikufurahi. Klima ikiwa nzima siku ninayokuwemo na mgonjwa siku nisiyokuwemo, tofauti ya siku hizo ni moja. Vidole vya dereva.

Kwenye gari mimi nilizungumza kwa wawili: siasa, bei ya simenti, mwalimu wangu wa zamani aliyetufundisha kupima kabla ya kukata. Amisi aliangalia nyasi. Nyasi za msimu huu zimefunga njia pande zote mbili, zimezidi urefu wa gari, zimekomaa, zinapiga boneti na kumwaga mbegu. Kila baada ya muda alichungulia kipimo cha joto la mashine. Kuna wakati nilimwona midomo ikicheza. Anaomba, nilijiambia. Mwenye hatia huomba.

Nimeanza kuandika ripoti. Sentensi ya kwanza: Hakuna hitilafu ya umeme katika gari hili. Sentensi ya pili: Klima inazimwa na mkono wa mtu. Ni sentensi nzuri. Fupi. Nimeziandika bila kukata neno.

Amisi amelala kwenye gari ingawa zahanati ilimpa kitanda. Kama mtu anayelinda kitu.

Alhamisi, 15 Mei

Niandike kwa mpangilio, kwa sababu leo sijiamini.

Tuliondoka asubuhi. Nyasi zilezile. Tukiwa bado hatujafika Lusangi, kwenye mpando mrefu, mwendo wa mtu anayetembea, taa ya kijani ikazimika mbele ya macho yangu. Mikono yote miwili ya Amisi ilikuwa kwenye usukani. Niliiona. Hakuna aliyegusa kitu.

Nikapiga kelele asimame na asizime mashine. Nikafungua boneti. Fyuzi, umeme upo. Rilei, upo. Swichi ya presha: umeme unaingia, hautoki. Nikafurahi kama mpumbavu. Swichi mbovu. Nilikuwa nimeshaanza kutafuta kipande cha waya niiruke, kompresa iendelee kwa nguvu. Ningeiruka, ningepasua bomba la gesi.

Ndipo nikamwona Amisi. Alikuwa amechutama mbele ya gari na njiti ya jani la mchikichi, anachokoa. Njiti ilikuwa tayari mfukoni mwa mlango, imechongwa. Mkono wake ulikwenda bila kuangalia, kama wa mtu anayechambua mchele. Mbegu za nyasi zilikuwa zimejaa kwenye kondensa, ile rejeta nyembamba ya klima iliyo mbele ya rejeta ya maji. Zimelala kama manyoya. Hewa haipiti. Gesi haipoi, presha inapanda, swichi inakata. Swichi haikuwa mbovu. Ilikuwa inafanya kazi yake, na mimi nilikuwa nataka kuinyamazisha.

Alipomaliza kusafisha nusu, taa ikawaka yenyewe.

Nikasimama pale nafikiri. Gari hili linapita nyasi hizi kila wiki. Mbona kila likifika kwangu rejeta ni safi? Juzi niliangalia kwa taa, tundu kwa tundu. Usafi ule nilipaswa kuuogopa. Nikainama kwenye grili. Pembe nne, vifundo vinne vya uzi wa buluu, vimekatwa kwa kisu.

Nikamuuliza rejeta husafishwa na nani kila safari.

"Hakuna mwenye kuisafisha, Yaya," alisema. "Haichafukake."

Halafu akaenda kwenye gari, akainua kiti chake, akatoa chandarua. Kikuukuu, kimechanika katikati, kimekunjwa vizuri. Ndicho alichokuwa anakilinda jana.

"Kila dereva wa njia hii iko nacho kitu," alisema. "Wa malori wanafunga gunia. Mimi nafunga hii mustikere ya kwangu, hakuna tena mutu wa kuilalia. Mwaka moja mashine ilichemuka hapa, tulilala siku mbili. Toka pale nafunga. Tukikaribia Kasongo nakata kamba, naificha. Gari yenye ile picha ku mulango, na mustikere mbele ya pua. Wangenifukuza siku ileile."

Nikasema: basi jana hukuifunga kwa sababu nilikuwemo.

"Njo vile," akakubali.

"Kwa nini hukuniambia tangu mwanzo? Ningejua siku ya kwanza."

Aliniangalia kwanza. Katika wiki hizi zote sikumbuki kama aliwahi kuniangalia hivyo.

"Kukuambia weye, Yaya? Ile Jumapili ya mwezi wa tatu nilikuwa naendesha, redio iko wazi. Ulisema mutu mwenye kutoa mustikere ku kitanda kwenda kuifanyia kazi ingine, damu ya mutoto iko mu mikono yake. Nyuma nilikuwa na mutoto mugonjwa, namupeleka hospitali. Mustikere iko mbele, inashika nyasi ili tufike. Nikazima redio."

Nilifunga boneti.

Baadaye nikamwambia afunge chandarua. Tuthibitishe. Akafunga kwa vifundo vinne, dakika mbili. Tukaendelea. Nyasi, mpando, mwendo wa mguu. Mbegu zikajishika kwenye chandarua mpaka kikawa kama blanketi. Tulikuwa hatujafika hata kwenye daraja la pili taa ikazimika. Kipimo cha joto la mashine kilikuwa kimetulia. Hapo ndipo nilipoelewa: mashine huvumilia chandarua, klima haivumilii. Tukakitoa, tukakikung'uta, taa ikawaka. Tukakifunga tena. Ikazimika tena.

Bila chandarua mashine inachemka. Kwa chandarua chanjo zinaharibika. Na Amisi alikuwa hajui hili la pili. Alidhani, kama mimi, ni waya. Angejua angekuja mbio. Angejua kama mtu mmoja tu angekuwa radhi kusikiliza habari ya chandarua bila kupaaza sauti.

Kabla hatujaingia mjini alisimamisha gari. Chandarua kilikuwa mapajani mwangu. Nikamwambia naweza kuandika mbegu tu, nikaacha hilo lingine.

"Wengine watafunga magunia ku magari ingine ya chanjo," alisema. "Andika vile iko."

Ijumaa, 16 Mei

Nimechana ripoti ya Kabambare. Ile yenye sentensi nzuri.

Mpya ina ukurasa mmoja. Ilinichukua asubuhi yote. Mimi ambaye huandika barua ya wazi kabla chai haijapoa. Nimeandika: umeme mzima. Kondensa hukosa hewa. Dereva alifunga chandarua chake chakavu kulinda mashine, jambo linalofanywa na kila dereva wa njia ile kwa alichonacho. Hakujua kwamba kinazuia klima. Hakuzima kitu, hakuuza kitu. Alificha chandarua kwa kuogopa hukumu iliyotolewa redioni na mwandishi wa ripoti hii.

Mstari wa mwisho niliufuta mara mbili. Mara mbili nikaurudisha.

Daktari alisoma akiwa amesimama. Akakaa, akasoma tena. Akauliza kama nina hakika nataka mstari wa mwisho ubaki kwenye faili. Nikasema ubaki. Akamwita Amisi. Barua ya onyo kwa sababu ya chandarua, ataiweka kwenye faili lake. Ufunguo abaki nao. Amisi akapokea barua kwa mikono miwili kama mtu anayepokea chakula.

Kisha daktari akanigeukia. "Na Jumapili, Fundi?"

Nikasema najua njia ya kwenda redioni.

Jumamosi, 17 Mei

Nimetengeneza wavu wa kuweka mbele ya grili. Waya wa kuchekechea mchanga, fremu ya chuma, umesimama mbali na grili kipimo cha kiganja. Mbegu zinagonga na kuanguka, zinazobaki zinakung'utwa kila kituo. Hewa inapita pembeni na katikati. Unatoka kwa kuvuta pini mbili. Kitu cha nusu siku. Kingeweza kutengenezwa miaka kumi na minne iliyopita kama kungekuwa na mtu wa kuombwa.

Taa ya kijani nimeiacha kwenye dashibodi. Dereva aone mwenyewe.

Mama Zaina alikuja na chai, akaangalia fremu, nikamweleza yote. Akasema, "Baba Zaina, hata mimi kuna mambo sikuambiakake." Nikauliza mambo gani. Akachukua kikombe, akaenda.

Jumapili, 18 Mei

Robo saa. Nilitumia dakika nne.

Nilisema nilikosea juu ya bolti. Nilisema chandarua kimekusudiwa kitanda na bado nasimamia hilo, wavuvi wasishangilie. Halafu nikasema juu ya mtu aliyezima redio akiendesha gari lenye mtoto mgonjwa, na kwamba niliyoyasema siku ile yalikuwa rahisi kuyasema nikiwa kwenye kiti. Sikumtaja jina. Nikawaambia madereva wenye magunia waje karakana, nitawapa vipimo vya fremu, sitauliza walikuwa wanatumia nini.

Mtangazaji hakujua ajaze vipi dakika zilizobaki. Aliweka muziki.

Jumanne, 20 Mei

Madereva wawili wamekuja. Mmoja wa lori la mihogo, yule mbishi. Gunia lake lilikuwa bado limefungwa mbele, hakujisumbua kulitoa. Tumebishana juu ya upana wa fremu. Alikuwa sahihi kwa vidole viwili.

Muuza sombe alinipimia na kuongeza fungu dogo juu.

Jumatano, 28 Mei

Mvua ndogo asubuhi, kisha mawingu.

Nilikuwa nasafisha altaneta gari la zone lilipopita likitoka Kabambare. Lilipunguza mwendo, likasimama. Wavu mbele ulikuwa na nyasi chache. Amisi hakuzima mashine. Akafungua mlango wa nyuma, akafungua sanduku moja, akaja akanitilia mkononi pakiti moja ya barafu. Moja ya zile zilizokwenda Wamaza kwa pikipiki na kurudi.

Katikati ilikuwa bado ngumu.

Nikaishika mpaka vidole vikafa ganzi, nikamrudishia. Akaifunga sandukuni, akapanda garini.

Nimemaliza altaneta saa tisa. Inachaji vizuri.